Mgonjwa wa Macho wa Makoko

Waliokulia upande wetu wa Mara hawahitaji kuelezwa harufu ya udaga. Ni muhogo uliovundikwa mpaka ukaota ukungu, ukaanikwa juu ya mawe, ukakauka ukawa mwepesi kama ganda la mti. Harufu yake ina uchachu kidogo na vumbi kidogo, na ukishaizoea huisikii tena. Mimi niliacha kuisikia zamani. Lakini juzi, hapa Bunda kwenye kibanda ninachochajia watu simu, mama mmoja alinipa simu iliyofungwa kwenye kitambaa, akasema imekuja ndani ya gunia kutoka kijijini. Nilipofuta tundu la chaji, vumbi jeupe lilidondoka mezani na harufu ile ikanijia puani. Yule mama akaniuliza, "Binti, uko sawa?" Nikamjibu niko sawa, lakini nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa kilimani nyuma ya Butiama, mtoto wa darasa la tatu, mkono umezama kwenye gunia mpaka kiwikoni, natafuta simu.

Kabla sijafika kwenye simu lazima niieleze nyumba yetu, maana watu wa mikoa mingine huwa wanachanganyikiwa hapa. Siwalaumu. Hata mimi nilichanganyikiwa, na nilikuwa ndani yake.

Nilikaa na Bibi, sisi wawili tu. Bibi hakuwa mama wa mama yangu, wala hakuwa mama wa baba yangu. Bibi ndiye aliyemwoa mama. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili nyumba isifungwe. Wanaiita nyumba ntobhu. Watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba ile, na wanabeba jina la mzee aliyekufa. Kwa hiyo mwalimu aliponiuliza jina la baba, nilitaja jina la marehemu mume wa Bibi, kama nilivyofundishwa. Nyuma yangu alikaa mvulana mmoja wa jirani aliyejua mambo ya kila mji. Akasema kwa sauti, "Baba yako alikufa kabla mama yako hajaota meno!" Darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Bibi kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema Bibi, akiendelea kupepeta mtama. "Na ng'ombe alizoacha bado zinakamuliwa. Kawaulize hao wanaocheka, baba zao walio hai wameshaacha nini."

Nilimwamini, lakini sikuwauliza. Nilikuwa mtoto wa kuogopa kusema. Maneno yalikuwa yananijia mtu akishaondoka.

Mama sikumkumbuka. Aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilijua yupo Musoma, na Musoma niliijua kama mstari mweupe wa ziwa ulioonekana kwa mbali ukipanda juu ya mawe yetu makubwa asubuhi. Bibi hakumtaja kwa ubaya wala kwa uzuri. Alikuwa na sheria moja tu iliyomhusu, na hata hiyo sikujua kwamba inamhusu: mimi nisipigwe picha. Mara moja walipita vijana kisimani wakipiga picha watoto wanaochota maji, na Bibi akawafuata na fimbo yake mpaka barabarani. Aliporudi akihema aliniambia, "Mtoto akianza kutoka kwa picha, mwisho anatoka kwa miguu." Niliangalia miguu yangu. Nilielewa kwamba picha ina namna ya kuifundisha miguu njia, na kwamba ukipigwa nyingi siku moja utajikuta unatembea bila kutaka.

Mtu mwingine aliyefika kwetu mara kwa mara alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Aliendesha pikipiki ya abiria kati ya Butiama na Bunda, na wakati mwingine alifika mpaka Musoma. Bibi akifurahi alimwita shemeji. Akikasirika alimwita kijana. Mjomba alimheshimu Bibi kuliko alivyomheshimu mama yake mzazi, na nilipokuwa mkubwa nilijua sababu: ng'ombe ambao Bibi alitoa kumwoa mama, mjomba naye aliwatumia kuoa mke wake.

Siku moja alinikuta kisimani peke yangu. Alizima pikipiki, akakaa juu ya jiwe.

"Wewe unaweza kutunza siri?"

Nilinyamaza.

"Basi umeshaanza," alisema, akacheka. Akatoa simu mfukoni, simu ya kubonyeza kioo, imepasuka kona moja. "Sikiliza. Kuna mtu pale Makoko, kando ya ziwa, anaumwa macho. Daktari kamwambia kila siku aangalie mazingira, kijani na vitu vya namna hiyo. Sasa Makoko, pale kwenye chumba chake, akifungua dirisha anaona bati la jirani. Wewe huku una kila kitu. Kila siku piga picha moja. Moja tu. Nikipita nazihamishia kwenye simu yangu, nampelekea."

"Picha ya nini?"

"Mti, jiwe, nyasi, kilima. Chochote alichoumba Mungu. Ila watu usipige, unamjua Bibi yako. Na akiiona hii simu mimi nimekwisha." Alinionyesha pa kuwasha na pa kubonyeza. "Na jua liwe mgongoni kwako. Ukisahau yote usisahau hilo. Jua mgongoni."

Niliificha kwenye gunia la udaga lililokaa nyuma kabisa ya ghala, lile la akiba ya njaa ambalo Bibi hakuligusa ovyo. Niliiwasha asubuhi, nikapiga, nikaizima haraka ili chaji isiishe. Nilipiga mti wa mkuyu wa kisimani. Nilipiga nyasi zenye umande. Nilipiga lile jiwe letu lililokaa juu ya jiwe lingine kama mtu amelibandika, na mijusi wenye vichwa vyekundu wakiota jua juu yake. Sijui niwaelezeje wenzangu mliokua na simu nyumbani. Mimi sikuwahi kupewa kazi na mtu ambayo haikuwa ya kubeba au kufagia. Hii ilikuwa kazi ya kuangalia tu. Nilianza kutembea polepole. Niligundua kwamba mkuyu wa jana si mkuyu wa leo, na kwamba majani yake yakipulizwa na upepo wa ziwa yanageuka tumbo juu, yanakuwa meupe.

Kitu kimoja tu kiliniharibia. Kwa sababu jua lilikuwa mgongoni, kila picha ilikuwa na kivuli changu chini. Kichwa, shingo, viwiko vimetokeza huku na huku kama mishikio ya sufuria. Niliona aibu. Mgonjwa anataka kijani, mimi nampelekea sufuria. Nikaanza kuchuchumaa ili kivuli kipungue, na nikawa fundi wa kuchuchumaa.

Mjomba aliporudi alisema, "Mgonjwa anasema usiiname. Simama wima."

"Kwa nini?"

Alifikiri kidogo. "Picha iliyopigwa kutoka chini inaumiza macho."

Nikasimama wima. Safari iliyofuata alileta ujumbe mwingine. "Mgonjwa anauliza, unakula vizuri?"

"Kwani anaumwa macho au tumbo?" nilisema.

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimemwambia mjomba. Alicheka mpaka akashika pikipiki isianguke. Kisha akaacha kucheka ghafla, akafuta uso kwa kiganja, akasema, "Nijibu tu. Unakula?" Nikasema nakula. Nilibaki nikijiuliza kwa nini alifuta uso, maana hapakuwa na vumbi siku hiyo.

Mambo yakazidi kunichanganya. Bibi alininyoa nywele, siku za kati ya wiki, na hapakuwa na mgeni. Mjomba alipita akachukua picha bila kukiona kichwa changu, maana nilikuwa nimejitanda kanga; safari iliyofuata, kanga bado iko kichwani, alisema, "Mgonjwa anauliza kwa nini umenyolewa. Uliumwa?"

Nilishtuka. "Nani kamwambia?"

"Macho yake yanaanza kupona," alisema mjomba.

Usiku huo niliwaza sana, na asubuhi niliamua kwamba mgonjwa wa Makoko anaona mbali. Kwamba kila picha ya kijani inamsogezea macho hatua moja, ameshavuka Makoko, ameshapanda barabara ya Butiama, sasa anaona mpaka uani kwetu. Nilianza kuoga nimegeukia upande wa Bunda, ili mgongo ndio uwe upande wa ziwa. Nikikosea kazi niliangalia kwanza ule mstari mweupe wa maji. Sikumchukia. Nilimwogopa kidogo, kama mnavyomwogopa mtu anayewapenda ambaye hamjui anataka nini.

Na Bibi naye macho yake yalikuwa yanafifia, yameingia weupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Nikaona ni dhambi kumtibu mtu wa mbali nikamwacha wa nyumbani. Jioni moja nilimsogezea kigoda akae anatazama minyaa ya uzio wetu, maana minyaa ni kijani mwaka mzima.

"Nini hii?" aliuliza.

"Uangalie kijani, Bibi. Macho yatapona."

"Nimeiangalia hii minyaa tangu niolewe," alisema. "Kama ingekuwa dawa, sasa hivi ningekuwa naona mpaka Nairobi." Lakini alikaa. Alikaa pale mpaka giza likaingia, na nadhani alikaa kwa ajili yangu.

Kisha kiangazi kikaja kwa ukali. Nyasi zikawa rangi ya mkeka wa zamani. Mkuyu ukabaki na majani juu tu. Mjomba alipita mara mbili bila ujumbe wowote, akachukua picha akaondoka, uso umekaza. Mimi nikajua sababu: picha zangu zimekuwa za kahawia, na mgonjwa anapofuka. Nililala na jambo hilo, niliamka nalo. Sikuwa na mtu wa kumweleza. Nikatafuta kitu kingine, kama si cha kijani, basi cha kufurahisha. Ng'ombe mmoja wa Bibi alikuwa amezaa ndama mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikampiga. Kesho yake nikapiga ng'ombe wote wakitoka langoni asubuhi, mmoja nyuma ya mwingine, vumbi limeshika jua. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa kidole wala kwa sauti, hilo nililijua, na sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimepiga picha tu.

Siku ya Jumamosi Bibi aliamua kuanika udaga wote juu ya jiwe kwa sababu aliona dumuzi, wale wadudu, wakiutoboa. Nilikuwa nafagia uani. Nilisikia gunia la nyuma likiburutwa, nikataka kusema kitu, na kama kawaida yangu maneno hayakuja. Aliinua gunia, akalipindua, na simu ikatoka katikati ya vipande vya muhogo ikateleza mpaka miguuni kwake.

"Hii nini?"

"Simu."

"Naona ni simu. Nimezeeka, sijafa. Ya nani?"

"Ya mjomba."

"Iwashe."

Niliiwasha. Ilichukua muda wake, ikapiga kale kawimbo kake ka kuwaka, na sote wawili tukasubiri kama tuko kanisani. Nikafungua picha. Ya kwanza kutokea ilikuwa ya mwisho kupigwa. Bibi aliileta karibu na pua, akaipeleka mbali, akaileta tena.

"Hizi ni ng'ombe zangu," alisema.

Nikasogeza. Akaona ndama. Hakuuliza nyingine. Alikaa chini, juu ya udaga wenyewe, vipande vikavunjika chini yake, na hakusikia.

"Wameanza kuzikagua," alisema. Hakusema nami.

Mambo haya nilielezwa baadaye. Ndoa ile inakufa siku ndugu wa mke wanaporudisha ng'ombe. Wakirudishwa ng'ombe wa kufanana na waliotolewa, mke hana deni na ile nyumba, na maneno kuhusu mtoto yanaanza upya. Bibi aliona kwamba upande wa mama wameweka mpelelezi ndani ya uzio wake, wawajue ng'ombe wake walivyo, maana ni wa uzao mmoja na waliotolewa, waje na wa kufanana nao wanichukue. Mpelelezi mwenyewe ni mimi. Mchana ule aliniambia kwa kifupi tu, akiwa ameshika kichwa: "Ng'ombe zikirudi, wewe unaondoka."

Basi. Hayo ndiyo niliyoyashika. Jioni, mtoto wa jirani aliyetuchungia alipowaleta ng'ombe kutoka malishoni, mimi nilikuwa nimesimama langoni nimeshika mti wa kufungia kwa mikono miwili, nalia.

"Toka njiani!" alipiga kelele yule mvulana. "We vipi? Zina kiu!"

"Zisirudi!" nilisema. "Zisirudi leo!"

Bibi alitoka jikoni. Alinitazama, akawatazama ng'ombe waliokuwa wanasukumana, akaelewa kabla yangu. Alinibandua vidole kimoja kimoja. Hakucheka. Usingizini nilimsikia akinifunika mara mbili.

Mjomba aliitwa. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa shati la kanisani. Bibi hakumpa kiti, wala maji; alimwonyesha ile simu, picha ya ng'ombe ikiwa wazi.

"Kijana," alianza, na mjomba aliposikia neno hilo akakaa chini mwenyewe. "Ng'ombe zangu zimekuolea mke. Zimekuzalia watoto, wanakwenda shule, nawaona wanapita. Sasa umekuja kukagua zilizobaki?"

"Mama, hapana. Haki ya Mungu."

"Na umemtuma mtoto. Mtoto wangu mwenyewe unamfanya macho yako."

"Mama, si ng'ombe. Hizo picha za ng'ombe hata mimi ndio naziona leo. Dada alikuwa anataka picha ya mtoto, basi. Tangu mwaka juzi ananisumbua. Nikamwambia mama hapendagi mtoto apigwe picha, na mimi siwezi kuvunja neno lake. Yeye ndiye akasema, basi apige mwenyewe miti, jua likiwa nyuma."

"Muongo. Humu naona majani na mawe. Mtoto yuko wapi?"

Mjomba alisogea kwa magoti. Akagusa kioo kwa kidole kimoja, chini, kwenye nyasi za picha ya mwanzo kabisa. "Huyu hapa, mama. Hiki kivuli."

Bibi aliisogeza simu usoni. Mimi nilikuwa nimejibana kwenye ukuta wa ghala. Vile viwiko vya sufuria, ambavyo nilivionea aibu miezi yote ile, ndivyo vilivyokuwa vinatakiwa. Miti ilikuwa bure. Sikujua kama nifurahi au nikasirike, maana miti niliipiga kwa moyo wote.

"Njoo," Bibi aliniita. "Macho yangu hayafiki. Hiki ni wewe?"

"Sijui," nilisema, na lilikuwa jibu la kweli.

"Anaangalia kila siku," alisema mjomba. "Anaziweka pamoja, anapima. Aliniambia, mtoto amerefuka, angalia hiki na hiki. Sikuwa na moyo wa kumwambia hiki ni cha asubuhi na kile cha mchana. Halafu kiangazi kilipokuja akasema mbona amekonda, mama yule hana chakula? Nikagombana naye. Ndiyo maana sikuwa naleta salamu."

"Amekonda nani?" Bibi alikasirika upya. "Kwangu? Huyu anakunywa maziwa asubuhi na jioni!" Alinishika mkono wa juu akambinyia mjomba auone, kama anauza mbuzi. "Huyu amekonda?"

"Hapana, mama."

"Kivuli kinanenepa wapi? Yeye aliyekwenda shule, hajui kivuli hakinenepi?" Alizima simu kwa kuigeuza kifudifudi mapajani. Kuku walikuwa wanadonoa udaga bila kufukuzwa. Hatimaye alisema, "Mwambie aje aone mwenyewe. Na asije na wazee. Aje na miguu yake."

Alikuja siku ya mnada, nyuma ya pikipiki ya mjomba, na sangara mkavu amefungwa kwenye gazeti. Nilijificha nyuma ya ghala, nikachungulia. Nilikuwa namngojea mtu mwenye bandeji, au miwani myeusi kama ya vipofu wanaoombea stendi. Alikuwa msichana. Sijui namna nyingine ya kusema. Alionekana kama dada wa mtu, mwembamba, na viatu vya wazi, na hakujua aweke wapi mikono. Alipiga goti kumsalimia Bibi. Bibi aliitikia akitazama pembeni. Mimi nikadhani sasa ndio ugomvi unaanza.

Badala yake yule mgeni alinyanyuka akaingia jikoni bila kuambiwa. Nilisikia akichukua mwiko kutoka mahali pake, juu ya mlango, mahali ambapo wageni wote huuliza. Nilimsikia akisonga. Alijua chungu cha maji kiko wapi. Alijua kwamba ukichukua kibuyu kile kikubwa lazima ushike chini maana kina ufa. Nilishindwa kuelewa mgeni kayajua wapi mambo ya nyumba yetu. Na Bibi, aliyekuwa amekaa uani amenuna, alisikiliza sauti ya mwiko kisha akapaza sauti, "Bado unasonga laini! Nimekwambia mara ngapi, unga, unga, ongeza unga!"

"Naongeza!" alijibu yule wa ndani, kwa sauti ya mtu aliyejibu hivyo siku nyingi.

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anajifuta pua kwa ncha ya kanga. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kuelewa watu wazima, maana nilikuwa nimeshajipanga kuwa wa upande wa Bibi, na sasa sikuona pande ziko wapi.

Tulikula. Yule mgeni hakunigusa, na nilimshukuru kwa hilo, ila kila nilipoinua tonge nilimkuta ananitazama, na akigundua anatazama samaki. Macho yake yalikuwa makubwa na mazima. Mwishowe nilimuuliza, nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Unaumwa macho?"

Mjomba alikohoa. Mgeni akafikiri, akasema, "Leo yana nafuu."

Jua lilipoanza kuteremka mjomba alisema barabara si nzuri jioni. Bibi alimfungia mtama kwenye kitambaa, akamkabidhi bila maneno, kisha akanigeukia. "Msindikize mama yako."

Alisema hivyo, mama yako, kama jina la chombo cha nyumbani kilichokuwepo siku zote. Tukateremka mimi na yeye mpaka barabarani, mjomba akiisukuma pikipiki mbele yetu. Sikusema kitu. Naye hakusema kitu, na nikagundua kwamba kumbe kuna mtu mwingine ambaye maneno yanamjia watu wakishaondoka. Alipanda nyuma ya pikipiki, akakaa upande, akaweka mtama mapajani. Mjomba akapiga kiki.

Ndipo neno likanitoka. "Utarudi lini?"

Alinitazama, akaangalia juu kilimani. Bibi alikuwa amesimama kwenye uwazi wa minyaa, mkono umekinga jua usoni. Yule mama akatabasamu, mara ya kwanza siku nzima, tabasamu la kitoto.

"Kamuulize mume wangu," alisema.

Nikageuka nikakimbia. Nilikimbia kile kilima chote, vipande vya mawe vikiteleza chini ya miguu, nikafika kwa Bibi sina pumzi.

"Bibi, anasema nikuulize, atarudi lini?"

Bibi alishangaa. "Ananiuliza mimi? Nyumba ni yake, ng'ombe zake hizo zinalia hapo. Mtu anaulizwa atarudi lini kwake? Mwambie akichelewa sana nitaoa mwingine!" Akacheka, na mimi sikuwahi kumsikia Bibi akicheka kwa sauti ile, sauti ya juu, kama si yake. "Kimbia, kamwambie!"

Nikateremka tena mbio. Nilikuwa narudia yale maneno kwa pumzi ili yasidondoke hata moja: nyumba ni yake, ng'ombe zake, mtu anaulizwa. Nilipofika barabarani hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa bado limesimama, na ndani yake harufu ya petroli, na mlio wa pikipiki ulisikika upande wa Musoma, mara unakuja na upepo, mara haupo. Nilisimama katikati ya barabara, mdomo wazi, jibu limejaa kinywani, na juu kilimani Bibi ananiita, "Umemwambia? Kasemaje?"